Panga Lenye Tundu

Maliro aliporudi kutoka Beni na kile kisu alikuwa ameshakipenda, na mtu akishapenda kitu, kumwuliza kinakata nini ni kumkosea adabu. Alikiweka mezani polepole, akakitoa kwenye kitambaa, akarudi nyuma kidogo ili mkewe akione vizuri. Kilikuwa kisu cha kijeshi, cheusi, chenye meno ya msumeno mgongoni na mpini wa mviringo uliofungwa kwa kifuniko.

"Mama Keren, ona," alisema. "Iyi njo kisu ya ba-commando. Mathe anasema mutu anaweza kuishi mu pori mwezi muzima na iyi peke yake."

Tamar alikuwa anamenya viazi. Hakuinuka. "Mathe alishaishi mu pori siku ngapi?"

"Mathe iko nauzisha tu. Amenipatia nijaribu, nikiipenda ninamutumia makuta. Mais ona hapa kwanza." Akafungua kifuniko cha mpini. Ndani mlikuwa na njiti za kiberiti, uzi na ndoana, na kwenye kifuniko chenyewe dira ndogo ambayo sindano yake ilikuwa inatetemeka. "Boussole! Hata ukipotea, inakuonyesha kaskazini."

Tamar alifuta mikono akaja kuangalia. Sindano ilikuwa imeelekea choo cha jirani.

"Na Keren iko kaskazini?" aliuliza.

Maliro akakiweka kifuniko mezani. Habari za binti yao zilikuwa hazitajwi ovyo katika nyumba ile tangu Jumapili, siku aliyofika mwinjilisti Timothée kutoka pande za Mangurejipa, nguo zimemchanika, akawaambia kwamba Keren yu hai. Wapiganaji walikuwa wameingia kijijini kwake, wakamchukua mumewe kuwabebea mizigo, na mume hakurudi. Keren alikimbilia shamba la ndani ya msitu pamoja na wanawe wawili na majirani. Majirani walipoamua kuhama, yeye alikuwa amekanyaga kisiki, mguu umevimba, hawezi kwenda. Wakamwacha. Timothée alilieleza jambo hilo huku anatazama chini, kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa mmoja wa walioondoka.

"Siye tulipitia ku barabara," alisema, "na hapana wote tulifika. Weye Baba Keren usipitie kule. Kuko njia ya zamani ya babebaji ya mawese. Mais tangu vita ianze hakuna mutu ameipita, pori imeifunga. Kamba za miti ziko kubwa kama mukono. Mwenye kwenda aende na panga ya kweli. Na aende mbio. Tulimuachia muhogo, mais muhogo inaisha."

Panga la kweli! Lao la zamani lilikuwa limechukuliwa na askari waliopita mtaa wao wa Mususa nyumba kwa nyumba wakikusanya mapanga yote, eti kwa usalama wa raia. Jirani aliyelificha la kwake hakukubali hata kukiri kwamba analo, seuze kuliazima. Maharagwe ya shamba lao la Kipese, ambayo Maliro alikuwa amekwenda kuyauza Beni, yalikuwa yameleta pesa za kununua chuma kimoja tu. Wakikosea, hakutakuwa na cha pili.

Tamar alikichukua kisu cha makomando, akachungulia ndani ya mpini kwa jicho moja.

"Chuma inaishia wapi?" aliuliza.

"Namna gani, inaishia wapi?"

"Mushikio iko butupu. Iko na uzi, iko na kiberiti. Donc chuma haiingie mule ndani. Inaishia hapa." Akaweka ukucha wake mahali ambapo bapa la kisu lilikutana na mpini. "Bisu byangu byote bya jikoni bilibunjikia hapa. Byote. Na mimi ninakatanga tu nyama na majani ya sombe."

"Mais iko ngumu, Mama Keren. Shika."

"Iko ngumu ya kuchoma mutu. Unaenda kuchoma mutu?"

"Hapana."

"Basi rudishia Mathe kisu yake, na boussole yake. Kwa Keren tutauliza njia."

Maliro alikifunga kisu ndani ya kitambaa chake, polepole kuliko alivyokifungua. Roho ilimuuma, lakini alimjua mkewe: Tamar alipokuwa ananunua sufuria sokoni, wachuuzi walikuwa wanaagana na faida yao mapema.

⁂

Kesho yake waliingia katikati ya mji wa Butembo, kwenye duka kubwa la vyombo vya chuma. Mapanga yalikuwa yamepangwa ukutani, mapya, yenye mipini ya rangi nyekundu na picha ya ndege kwenye bapa. Mwenye duka alikuwa mtu mnene aliyevaa tai. Alimtazama Maliro kuanzia kola hadi viatu, kisha akamtazama Tamar na kikapu chake.

"Monsieur, ingia," alisema. "Mama angojee inje. Bikapu hatuingize humu."

Tamar aliweka kikapu mlangoni na kuingia mwenyewe. Mwenye duka alikunja uso, akamgeukia Maliro, akaanza kumweleza kwa Kifaransa ubora wa mapanga yake, yalikotoka na jinsi yanavyopendwa na wazungu wa mashirika. Maliro alikuwa anaitikia "oui, oui," kwa sababu Kifaransa kilikuwa kinamwingia sikio moja tu. Wakati huo Tamar alikuwa amelishusha panga moja na kuligonga kwa kidole.

Lilitoa sauti ya kifuniko cha sufuria.

Akaliweka ncha sakafuni, akaliegemea kidogo kwa uzito wa mkono. Panga likapinda. Akaondoa mkono, nalo likabaki vilevile, limepinda, kama mzee aliyekataa kuinuka.

"Eh! Eh! Mama!" mwenye duka alipiga kelele. "Umeharibisha marchandise yangu! Hiyo utalipa!"

"Nitalipa nini?" Tamar alilikanyaga panga katikati, akalivuta, likanyooka. "Voilà. Bati haina shida. Unaipinda, unainyoosha."

Wateja wawili waliokuwa wananunua misumari walicheka, na kicheko hicho ndicho kilichomchoma mwenye duka. Alitoka nyuma ya meza, akawaonyesha mlango. "Papa, kama unashindwa kutawala mwanamuke yako, usimulete ku maduka ya batu. Tokeni! Hata makuta hamuna, munakuja tu kushika-shika."

Walitoka. Tamar alipachika mkanda wa kikapu kwenye paji la uso wake, akamfuata mumewe. Maliro alikwenda mbele, masikio yamemwiva, hadi walipolipita soko lote. Tamar alijua kwamba amemwaibisha, na ilimsumbua, maana Maliro hakuwa mume wa kuaibishwa. Kisha Maliro akasimama akageuka.

"Kweli," alisema, "ilikuwa bati."

⁂

Kasika mhunzi alikuwa anaishi kule kule Mususa, nyuma ya karakana ya baiskeli. Kama maneno yangekuwa mkaa, moto wake usingezimika mwaka mzima. Alifua vyuma vya springi za magari, zile anazoita ressort, na siku hiyo alikuwa na mapanga mawili yaliyotoka kwenye springi moja ya lori. La kwanza lilikuwa refu, limenyooka, zuri la kutazama. La pili lilitoka katikati ya springi, pale penye tundu la bolti. Lilikuwa fupi zaidi, nene, na tundu lake lilikuwa limebaki karibu na mpini, linakutumbulia macho. Lilikuwa limekaa kwa Kasika muda mrefu kwa sababu hiyo.

"Wabukire, Baba Keren!" alisema Kasika, akamsogezea Maliro kigoda. Tamar alibaki amesimama. "Leo umefika kwa mwenyewe. Kule mujini banakuuzisha karatasi. Iyi yangu ukikata muti, muti unaomba pardon."

"Wabukire. Ninatafuta ya pori," alisema Maliro. "Pori ya kweli."

"Hata ya vita!"

"Hapana ya vita," Tamar aliingilia. "Ya pori."

Kasika alimjibu Maliro. "Mwambie mama asikuwe na wasiwasi."

Tamar hakungoja kuambiwa. Alilinyanyua panga refu, akaligonga, nalo likalia vizuri, sauti ndefu. Akaliegemea, likapinda, akaliachia, likarudi. Akageuza mpini na kukagua kitako chake: chuma kilikuwa kimepita ndani ya mti hadi mwisho, kikatokeza na kukunjwa. Hapo ndipo alipopumua. Aliona kwa macho yake kwamba kitu hicho kingevunjika baada ya mkono unaokishika.

"Inakata," alimwambia mumewe, na bei ikaanza kuzungumzwa. Tamar ndiye aliyeizungumza na ndiye aliyefungua fundo la kitambaa na kutoa pesa, lakini chenji Kasika alimpa Maliro.

"Sasa, panga ni ya nani?" aliuliza Kasika, akichokoa msumari wenye moto. Ndiyo ilikuwa desturi yake na ya baba yake: chuma hakitoki kwake bila jina la mwanamume mwenye nyumba kuchomwa kwenye mpini. "Panga isiyokuwa na mwenyewe ni ya mwizi ao ya muuaji. Na panga haikuwake ya mwanamuke. Mwanamuke iko na sufuria."

"Ni ya Maliro," alisema Tamar, na hakuona ubaya wowote. Kasika akachoma herufi moja moja, MALIRO, moshi ukawa unanuka mti wa mpera.

Jioni ile Tamar alifanya kile ambacho wanawake wa kwao hufanya mume anapokwenda safari ya mbali. Mwanamke hamwachi mumewe atoke na chuma cheusi, watu wangesema nyumbani kwake hakuna mtu. Alilisugua panga kwa mchanga na majivu, akalinoa kwenye jiwe hadi akaona macho yake mwenyewe kwenye bapa, akalipaka mawese kidogo, akalipangusa kwa kitambaa cha pamba. Lilimetameta. Maliro alilichukua, akaligeuza huku na huku, akacheka kwa furaha kama kijana anayekwenda kuposa.

"Wasingya, Mama Keren," alishukuru. "Na iyi nitafika."

⁂

Alirudi siku ileile aliyoondoka, kabla jua halijapinduka. Tamar alimwona kwa mbali, mikono mitupu. Nguo zake zilikuwa zimelowa tope mbele yote, kifuani hadi magotini, na kwenye shavu kulikuwa na mchubuko.

"Bamenizungulusha mu matope," alisema, akakaa kwenye kizingiti. "Ku barrière ya askari. Mbele ya batu bote. Mbele hata ya batoto ya masomo."

"Panga iko wapi?"

"Bameikamata." Alifumba macho. "Commandant aliitoa mu kitambaa, ikaangaza. Akaniuliza, 'Mukulima gani iko na panga ya kuangaza hivi? Mukulima panga yake inakuwaka muchafu. Iyi ni ya batu ya muporini, unaipelekea ndugu zako.' Nikasema ninaenda kukata njia. Akasema, 'Njia ya nani?' Nitajibu nini? Nikisema mutoto yangu iko kule, atasema mutoto yangu iko na ba muporini. Donc nilinyamaza. Njo bakanizungulusha. Na sasa banajua jina langu, Mama Keren. Iko pale ku mushikio. Akaisoma kwa sauti. 'Maliro! Nikikuona tena na chuma, nitakuzika nayo.'"

Tamar alikaa chini kando yake. Mikono yake ndiyo iliyomgaragaza mumewe kwenye tope. Alikuwa amechagua vizuri, alikuwa amechunguza kila kitu, chuma, sauti, mpini, kisha kwa upendo na majivuno akaliharibu panga kwa kulifanya lipendeze. Alilia kidogo, si kwa sauti. Maliro aliweka mkono juu ya goti lake.

"Hapana kosa yako," alisema.

"Ni yangu," alisema Tamar. "Niliiosha juu ya macho ya batu. Niliogopa majirani kuliko nilivyoogopa barrière." Akajifuta uso kwa kanga. Alikuwa mtu ambaye machozi yakimtoka huwa amemaliza kufikiri. "Ingia, vua iyo suruali niifue. Kasika iko na ingine."

"Na makuta?"

"Utavaa kwanza suruali kavu. Bingine ni kazi yangu."

Pesa hazikuwapo. Tamar aliingia chumbani, akafungua sanduku, akatoa kikwembe chake cha kwaya, kile cha bluu ambacho wanawake wote wa kwaya yao walishona pamoja Krismasi iliyopita. Asiyekuwa nacho husimama safu ya nyuma kabisa, na mke wa shemasi humwuliza kwa huruma ya kujifanya kama nyumbani kuna shida. Alikikunja vizuri, akakiweka kwenye kikapu. Angesimama nyuma. Sauti yake ilikuwa kubwa ya kutosha.

Kasika alikuwa peke yake. Alikuwa ameshasikia habari ya kile kizuizi kabla Tamar hajafika, kama Mususa nzima, na safari hii hakuwa na maneno mengi.

"Ninataka ile iko na tundu," alisema Tamar.

"Ile? Mama, ile ni mubaya. Ninaionaga haya."

"Njo ninaitaka vile. Mwanamuke yako aliniulizaga kikwembe ya kwaya inauzishwa wapi. Ni iyi."

Kasika alikitazama kikwembe, akakipima kati ya vidole, akalileta panga fupi. Tamar aliligonga. Lililia kwa sauti nene, fupi. Akaliegemea, halikukubali kupinda hata kidogo. Chuma kilipita mpini hadi mwisho. Kasika akaanza kuchokoa msumari motoni.

"Ya nani?"

"Usiandike."

"Mama Keren, ni lazima. Panga inakuwaka na mwanaume mwenyewe."

"Ukiandika Maliro, utakuwa umemuua," alisema Tamar. "Andika basi jina ya mbuzi yangu. Nitaikatia majani."

Mhunzi alisimama na msumari mkononi hadi ukapoa. Hakuandika kitu.

Nyumbani Tamar hakulisugua panga wala hakulipaka mawese. Makali alilitia, lakini mstari mwembamba tu kwenye ukingo. Kisha akaenda nyuma ya nyumba, akalizamisha lote ndani ya shina la mgomba hadi mpini, akaliacha humo hadi kesho yake. Utomvu wa mgomba, kila mama wa Butembo anaujua kwa nguo alizozipoteza: ukishashika hautoki. Panga lilitoka na madoa ya kahawia na meusi, bovu la kutazama, kama kitu kilichorithiwa na mtu wa tatu. Tamar alipitisha kamba ndani ya tundu lake na kulirusha kikapuni, juu ya miche ya migomba, chini ya ndizi za kupika.

"Miye ninaenda mu shamba," alimwambia mumewe. "Weye utanitangulia mikono butupu. Na Biblia."

⁂

Maliro alipita kwenye kizuizi cha askari na Biblia kwapani, wakamtania, wakamwamuru afungue kinywa waone kama ameficha panga humo, wakacheka, wakamwacha aende. Tamar alikuwa anayaona yote kutoka kwenye foleni ya wanawake. Ilimchoma. Hakuinua macho.

Zamu yake ilipofika, kamanda mwenyewe alikuwa amekaa kwenye kiti cha plastiki. Nyuma yake, askari mmoja alikuwa anapasua kuni kwa panga refu lililoandikwa MALIRO. Alikuwa anapiga vibaya, kwa kona, analigonga kwenye mawe. Tamar alisikia kila pigo kwenye meno yake.

"Mama, yaka! Unabeba nini?"

"Mbegu ya ndizi, chef. Na ndizi kidogo. Ninaenda kupanda."

Kamanda alitia mkono kikapuni, akavuta kichane kimoja cha ndizi akakiweka chini ya kiti bila kuomba. Kisha akalivuta panga kwa kamba yake. Lilining'inia mbele ya uso wake, jeusi, fupi, na tundu lake.

"Na iyi ni nini?"

"Ni panga, chef."

"Panga?" Alilitazama kupitia tundu, akamwona Tamar upande wa pili, akaangua kicheko. "Mama, iyi panga ilishakufa! Bwana yako ameshindwa kukununulia panga?"

Wanawake kwenye foleni walicheka kidogo, kwa kumfurahisha. Tamar naye alicheka, akainamisha kichwa. "Ni umasikini, chef."

"Kende, mama, kende!" Kamanda akalitupa panga kikapuni, akapungia mkono, na Tamar akaenda zake polepole. Alipofika nyuma ya kilima alimkuta Maliro amekaa kwenye jiwe, Biblia kifuani. Tamar hakukaa. Alikuwa na hasira nzuri, ile inayokupa miguu.

⁂

Baada ya kuupita mji mdogo wa Njiapanda waliiacha barabara, na njia ya wabeba mawese ikawa kama Timothée alivyosema: hakukuwa na njia. Kulikuwa na ukuta wa majani, na ndani ya ukuta kamba za miti zilizosokotana. Kwa desturi mwanamume ndiye hutangulia akifyeka, mwanamke hufuata na mzigo. Tamar alishusha kikapu, akalitoa panga, akampa mumewe.

Maliro alilishika, akalipima, akapiga kamba moja. Mkono ulikuwa umeumia kule kwenye tope, na bega halikupanda. Akajaribu tena kwa mkono wa kushoto, panga likateleza likamkosa goti kidogo tu. Alitazama huku na huku. Hakuna aliyekuwa anawaona isipokuwa nyani.

"Weye unaijua kuliko miye," alisema, akamrudishia. Kisha akainama, akakichukua kikapu cha mkewe, akauweka mkanda kwenye paji la uso wake mwenyewe. Mwanamume mzima wa Mususa, mshiriki wa kanisa, amebeba kikapu cha wanawake kwa kichwa. Tamar alitaka kucheka, lakini alipomwona shingo imemkaza kwa kutozoea, alimpenda sana, akageuka haraka akaanza kufyeka.

Panga lilifanya kazi. Lilikuwa fupi, likampa nafasi ya kupiga mahali ambapo refu lingenasa. Lilikuwa nene, likakata kamba za unene wa mkono kwa mapigo mawili. Utomvu wa porini uliongezea madoa yake. Walipofika mtoni, maji yalikuwa juu ya magoti na mawe yalikuwa yanateleza. Tamar alifunga ile kamba ya tunduni kwenye kifundo cha mkono wake. Katikati aliteleza, akaanguka hadi kifuani, mkono ukaachia. Panga lilivutwa na maji, likafika mwisho wa kamba, likabaki.

"Tundu," alisema Maliro alipomwinua, meno yanamgongana kwa baridi. "Kasika hajui alichouzisha."

Walilala wamegeukiana migongo, wakaamka, wakafyeka tena. Walipolifikia shamba, moto ulikuwa bado una makaa. Kulikuwa na kibanda cha majani, chungu kilichopinduliwa, na maganda ya mihogo yaliyokaushwa ili yaliwe tena. Hapakuwa na mtu.

"Keren!" Maliro alifungua kinywa, lakini Tamar alimziba kwa kiganja.

"Usiite. Balisikia panga. Mu pori, mwenye kukata njia ni nani? Ni balewale bapiganaji. Na balewale pia banaitaka batu majina."

Aliona aibu na huzuni kwa pamoja: binti yake alikuwa amewakimbia wao, kwa mguu ule. Alitazama ukuta wa msitu pande zote. Macho yalikuwa humo, alikuwa na hakika. Basi akakaa chini, miguu ameinyoosha mbele, mgongo ameuelekeza msituni kama mtu asiye na adui duniani. Akachochea makaa. Akavuta kikapu, akalikanyagia panga mpini kwa wayo, makali juu, na akaanza kumenya ndizi kwa kuzivuta kwenye makali, moja baada ya nyingine, kama alivyokuwa akifanya jikoni kwake kila siku ya Mungu mbele ya watoto wake. Hakuna mpiganaji anayemenya ndizi hivyo. Hakuna mpiganaji anayemenya ndizi kabisa.

Chungu kilipoanza kutoa harufu, majani yalisogea. Mtoto wa kiume akatoka, mkavu, macho makubwa, akasimama mbali.

"Koko?" alimwita bibi yake.

"Ni miye, Sadrack. Kuja ukule."

Nyuma yake akatoka Keren, mtoto mchanga mgongoni, ameegemea kijiti kilichochongwa ncha. Hakumkumbatia mama yake mara moja. Alikuwa anatazama panga chini ya ule wayo, na mwili wake wote ulikuwa bado unakimbia.

"Tulisikia panga tangu jana," alisema, sauti inamkatika. "Pa! pa! Inakuja huku tu. Nilificha batoto, nikasema leo ni mwisho. Mama, iyi panga ni ya nani?"

Tamar alifungua kinywa kusema jina ambalo kila chuma cha nyumba yake kiliwahi kubeba. Maliro akamtangulia.

"Ni ya mama yako," alisema.

Hapo Keren aliangusha kijiti chake, akapiga magoti, akaweka kichwa kifuani kwa mama yake, na wakalia wote, hata yule mtoto mchanga, ambaye hakujua kwa nini. Walikula ndizi zote. Maliro alifunga mguu wa binti yake kwa kitambaa, akatupa miche ya migomba nje ya kikapu, akamkalisha Sadrack ndani yake, akauweka tena ule mkanda kwenye paji la uso.

"Weye tangulia basi na panga," Keren alimwambia baba yake. "Mama atashika mutoto."

"Hapana. Sadrack niko naye, na weye utaniegemea ku bega. Mama yako anatangulia."

Tamar alilifuta panga kwenye majani, hakulifuta sana, akaifunga kamba kwenye kifundo cha mkono wake na kuingia njiani.